Sato wa Tangi na Sato wa Ziwa: Kilichomo Tumboni

SWALI: Mhariri, ninafuga sato katika tangi la saruji nyumbani kwangu Bunju. Hivi karibuni nilinunua sato wa Ziwa Victoria pale Feri, akiwa bado hajatolewa matumbo, nikampasua pamoja na mmoja wa kwangu. Utumbo wa yule wa ziwani ulikuwa umejaa uji wa kijani, ilhali wa kwangu ulikuwa na mabaki ya kahawia. Nimesikia kwamba samaki wa ziwani ana bakteria bora zaidi. Je, nikisaga matumbo yake na kuyachanganya katika chakula cha samaki wangu, watawapata bakteria hao? Msomaji, Bunju, Dar es Salaam.

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. Samaki aliyesafirishwa kwa barafu kutoka Mwanza huanza kuharibika tumboni, kwa hiyo bakteria wengi utakaowakuta humo si wale alioishi nao alipokuwa hai. Isitoshe, matumbo hayo yanaweza kubeba minyoo na magonjwa, kikiwamo kirusi cha sato ambacho wanasayansi walikieleza mwaka 2014, na baadaye dalili zake za kinasaba zikaonekana katika samaki wa Ziwa Victoria.

Uji wa kijani ulioukuta ni mwani. Tumbo la sato hutoa asidi kali mno, yenye pH inayoweza kushuka chini ya 2, na asidi hiyo ndiyo inayopasua chembe za mwani. Huanza kutoka samaki anapoanza kula asubuhi; kwa sababu hiyo mwani wa mwanzo hupita ukiwa bado kijani, na ule unaofuata hugeuka kahawia. Rangi peke yake, basi, haielezi afya ya utumbo.

Kuhusu bakteria wenyewe, tofauti kati ya samaki wa kufugwa na wa porini ipo, kwa kuwa maji na chakula chao si vile vile, lakini si kwamba wa kufugwa amenyimwa walio wema. Yupo mmoja aitwaye Cetobacterium somerae, anayepatikana kwa wingi katika utumbo wa samaki wengi wa maji baridi, sato wa kufugwa wakiwamo, naye hutengeneza vitamini B12, na ndiyo maana sato huweza kukua vizuri hata chakula chake kisipoongezwa vitamini hiyo. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliolinganisha samaki wadogo wenye mistari waliovuliwa porini nchini India na wenzao waliozaliwa maabara, ukaonyesha kwamba pamoja na tofauti zao walikuwa na kundi moja la msingi la bakteria. Utumbo wenyewe huchagua wa kukaa nao miongoni mwa wale wanaoletwa na maji na chakula. Huko Uholanzi nako, vifaranga wa sato waliolelewa katika tangi moja walifanana kwa bakteria kuliko walivyofanana na wale wa matangi mengine.

Kwa hiyo nguvu zako ziweke kwenye tangi. Pumba na mashudu yaliyoshika ukungu usiyatumie kabisa, kwani yanaweza kuwa na sumukuvu, na chakula kinachobaki kitoe kabla hakijaoza. Ninasisitiza pia jambo la antibiotiki, kwa sababu nimeona wafugaji wengi wakizimwaga majini kila samaki wanapozubaa: dawa hizo huua bakteria wenye faida pamoja na wenye madhara, na huwaacha hai wale sugu. Bakteria wa jamii ya Aeromonas, ambao mara nyingi hulaumiwa kwa vidonda, huishi pia ndani ya samaki wazima na hushambulia zaidi samaki anapodhoofishwa na msongamano, maji machafu au upungufu wa oksijeni. Ukiwaona wako wamepanda juu alfajiri wakihema, wapigie hewa, badilisha sehemu ya maji na uwapunguzie chakula siku hiyo, kisha mwite afisa ugani wa uvuvi awatazame kabla hujanunua dawa yoyote.