Mipaka ya ukoloni: ni Cairo 1964, si Addis Ababa 1963
Husemwa mara nyingi kwamba Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), uliotiwa saini Addis Ababa Mei 1963, uliamua mipaka ya ukoloni ibaki. Hapana, haukuamua hivyo. Ibara yake ya III inataja tu kuheshimu mamlaka na ardhi ya kila nchi. Uamuzi wenyewe ni azimio AHG/Res. 16(I) la Cairo, Julai 1964: wanachama wanaahidi kuheshimu mipaka iliyokuwepo nchi zilipopata uhuru. Kipimo ni siku ya uhuru, si mkutano wa Berlin wa 1884–85, ambao watu hupenda kuutaja ilhali mistari mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya wakoloni wawili wawili.

Somalia ililikataa azimio hilo la Cairo, kwa sababu ya Ogaden (eneo la Wasomali ndani ya Ethiopia) na kaskazini-mashariki mwa Kenya, ilikodai ardhi. Moroko nayo haikulikubali. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililitaja azimio hilo katika kesi ya mpaka kati ya Burkina Faso na Mali, 1986.

Angalizo: Eritrea, ilipojitenga na Ethiopia (1993), haikulivunja azimio hilo sana kama inavyodhaniwa, maana ilirudia mpaka wa koloni la Italia. Kesi ngumu ni Sudan Kusini, iliyojitenga na Sudan (2011): mpaka wake ulifuata mstari wa 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru, na mstari huo ulikuwa wa majimbo tu, ndani ya nchi moja.