Petroli Moshi kuwa ghali kuliko Tanga: ni wizi?

Pole kaka. Umeuliza kama kituo kinakuibia, maana nduguyo wa Tanga ananunua petroli kwa bei nafuu. Si lazima uwe wizi. Meli inashusha bandarini, lori linapandisha mzigo hadi Moshi, nauli unailipa wewe. Kinachouma zaidi kwenye bei yenyewe, Tanga na Moshi sawa, ni kodi: ushuru wa bidhaa na tozo, ikiwemo ya barabara, hukatwa kiasi maalumu kwa kila lita. Bei ya dunia ikishuka, zenyewe hazishuki.

Linganisha bei ya pampu na bei kikomo, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa, ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji; hutoka kila mwezi. Dai risiti, mimi huziweka chini ya kiti cha bodaboda. Wakizidisha, ripoti EWURA. Ukihisi lita zimepunjwa, usigombane na mjazaji, nenda Wakala wa Vipimo.