Sufu laini ya mbuzi: acha kalenda, pima ngozi

Swali: Nafuga mbuzi 12 wa maziwa hapa Molo, Kenya, chotara wa Toggenburg na Alpine. Kwa hii baridi yetu wameota sufu laini chini ya nywele za kawaida. Huwa nawakata kwa makasi mwezi wa nne, maana nilisoma kwamba ndio msimu wa kuvuna kashmiri, yaani sufu hiyo laini ya mbuzi. Napata nywele ngumu tele na sufu kidogo, tena fupi. Fundi wa kusokota uzi mjini Nakuru ameikataa. Nifanye nini?

Jibu: Mwezi wa nne ni msimu wa Mongolia. Mbuzi wa huko huota sufu kuanzia mwezi wa sita, mchana unapoanza kufupika; ukuaji hukoma karibu na Desemba, kisha baridi ikiisha sufu hujiachia, yaani hung'oka yenyewe, kwa pamoja. Kinachoendesha mzunguko huo hasa ni urefu wa mchana, si baridi. Molo iko karibu kabisa na ikweta, na mchana mrefu na mfupi hapo havipishani hata dakika tano. Mbuzi wako basi hawana ishara ya kuwaamsha pamoja: mmoja anaweza kujiachia Februari, mwingine Agosti, mwingine kidogo kidogo mwaka mzima.

Kwa hiyo mkague kila mbuzi mara moja kwa wiki. Tenganisha nywele begani na katikati ya ubavu, shika kishungi cha sufu kwa vidole viwili, uvute polepole. Ikishikilia, mwache. Ikitoka yote kwa ulaini, huku vumbi jeupe kama mba likionekana penye mashina, anza siku hiyo hiyo. Kujiachia huanzia shingoni na mabegani kwenda nyuma, hivyo mapaja huchelewa. Ukiona sufu imening'inia kwenye seng'enge, umeshachelewa. Ila hakikisha kwanza si chawa au upele unaomfanya ajikune. Ukivikuta, mtibu mbuzi kabla ya jambo lolote.

Makasi weka kando. Hukata nywele ngumu pamoja na sufu, na ukipitisha mara mbili sehemu moja unaikata sufu vipande. Tumia machanuo mawili ya waya mgumu uliopinda nchani, ncha zikiwa butu. La kwanza meno yaachane sentimita 2 hivi, kwa kutoa takataka na mafundo. La pili yaachane nusu sentimita hadi 1, nalo ndilo la kuvuna. Brashi ya waya ya mbwa hufaa kwa kumalizia.

Mbuzi awe mkavu kabisa. Mfunge kichwa, mwekee majani mbele, kisha chana kufuata mwelekeo wa nywele kwa mivuto mifupi, ukianzia shingoni. Chanuo likikwama usilazimishe: ngozi huchubuka na sufu hukatika. Rudia baada ya siku 7 hadi 10 kupata iliyobaki. Mwenye mimba ya mwezi wa mwisho usimguse. Aliyechanwa alale ndani, mbali na mvua, kwani ni kama ameshavuliwa fulana.

Kuchana hakumalizi nywele ngumu. Hapo ndipo fundi wako alipokwama, kwa kuwa nywele chache tu huufanya uzi uwashe. Marekani, kwa mfano, haikubali jina kashmiri ikiwa wastani wa unene umezidi mikroni 19 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), au ikiwa nyuzi nene kuliko mikroni 30 zimezidi asilimia 3 ya uzito. Shika kishungi mkono mmoja, uzivute nje zile ndefu, nyoofu, zinazong'aa. Sufu yenyewe imejikunja na haina mng'ao. Fanya hivyo kabla ya kuosha. Sufu ikiloa na kusuguliwa hugandamana kama blanketi, na nywele hazitoki tena.

Tenga nyeupe na ya kahawia, kwani nyeupe hupokea rangi yoyote. Hifadhi kwenye mfuko wa karatasi au wa pamba. Gunia la nailoni huachia nyuzi zake humo, na hizo hazitoki hata kiwandani.

Kuhusu kiasi, mbuzi aliyechaguliwa kwa kashmiri hutoa takribani gramu 150 hadi 200 za sufu safi kwa mwaka. Hao wako ni wa maziwa, watakupa sehemu ndogo tu ya hapo, na kuwashindilia chakula hakutaziba pengo hilo. Pima ya kila mmoja kwa mizani ya jikoni, uandike namba ya hereni yake na tarehe aliyojiachia. Baada ya mizunguko miwili utajua ni majike gani wa kuzalisha kwa sufu, na wepi uwaachie kazi ya maziwa.