Kwa nini daktari anataka kukata zaidi? Maswali yenu kuhusu aota

Baada ya kuandika kuhusu aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, ukapanda kifuani, ukapinda kama mpini wa bakora na kushuka hadi tumboni, nimepata maswali mengi yanayofanana. Mgonjwa ameambiwa operesheni moja, kisha anaambiwa ni kubwa zaidi. Nachagua manne.

Nina miaka 58. Valvu yangu ya aota, ule mlango wa damu kati ya moyo na aota, imekaza. Nilizaliwa nayo ikiwa na vipande viwili badala ya vitatu. Nilijiandaa kubadilishiwa valvu tu. Sasa daktari wa upasuaji anasema aota imefika sentimita 4.7, ataibadilisha papo hapo. Si ananiongezea hatari bure? (Msomaji, Mwanza)

Si bure. Aota iliyotanuka inaweza kuchanika. Chukua rula utazame sentimita 4.7, kwa mtu mzima kipande hicho cha aota kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 3 na kitu. Valvu yako ingekuwa nzima, tungekuacha uendelee kupimwa, maana kwa wengi tunafungua kifua kwa ajili ya aota peke yake ikifika 5.5, au 5.0 penye wapasuaji waliobobea. Lakini wewe kifua kinafunguliwa tayari, na hapo kipimo hushuka hadi 4.5.

Sehemu kubwa ya hatari imo katika mambo ambayo huyakwepi hata kwa valvu tu: kupasua mfupa wa kifua, kuunganishwa na mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, kusimamisha moyo. Ukiyarudia miaka kadhaa baadaye, utakuta kovu limeugandisha moyo kwenye mfupa, na msumeno unapita karibu sana. Hiyo ndiyo operesheni ninayoiogopa kwa niaba yako.

Muulize jambo moja tu: ataishia wapi? Akiishia chini ya pale mishipa ya kichwani inapochepuka, atabana koleo hapo na ubongo utaendelea kupata damu muda wote. Amekuongezea dakika za kushona bomba la dakroni, kitambaa maalumu kinachoshika nafasi ya aota. Akisema ataingia kwenye tao, yaani ile sehemu iliyopinda kama mpini wa bakora, hilo ni jambo jingine, na jibu lake ni hili linalofuata.

Mama yetu ana miaka 71. Wanataka kubadilisha tao zima la aota. Tumeelezwa mwili utapozwa na damu isimamishwe. Tunaogopa hataamka akiwa yule yule. (Watoto wake, Morogoro)

Woga wenu una msingi, wala asiwaambie mtu kwamba ni ushamba. Tao ndilo linalotoa mishipa ya kichwani na mikononi, kwa hiyo hakuna pa kubana koleo. Mwili hupozwa, mara nyingi hadi kati ya nyuzi 20 na 28, damu ya mwilini husimama, na ubongo hupelekewa damu yake kwa mrija mdogo kupitia mshipa wa begani au shingoni. Nimesimama katika chumba hicho. Mashine inatulia, na sauti unayoisikia ni ya mtu mmoja anayetaja dakika.

Kiharusi, kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa, figo kushindwa: hatari hizi zote hupanda na umri. Basi ulizeni hivi: tao lenyewe lina ugonjwa, au linabadilishwa lisije likasumbua huko mbele? Kama limeguswa upande wa chini tu, ipo njia ya nusu-tao, ambapo hukatwa kwa mshazari na mishipa mitatu ya juu inabaki mahali pake. Kwa mama wa miaka 71 mimi ningeelekea huko, isipokuwa tao lenyewe limetanuka sana au limechanika.

Ila umri pekee usiwakatishe tamaa. Michael DeBakey, mmoja wa waasisi wa upasuaji huu huko Marekani, alichanika aota na akafanyiwa upasuaji mwaka 2006 akiwa na miaka 97. Alilala hospitalini miezi mingi, akapona, akafariki 2008.

Kwa nini wasibadilishe yote hadi tumboni, yaishe? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu ya uti wa mgongo. Aota inayoshuka hutoa vimishipa vinavyoulisha, na ukivikata vingi kwa mpigo mgonjwa anaweza kuamka miguu imepooza. Kwa hiyo hufanywa kwa awamu.

Shikamoo daktari. Nina miaka 27 na nina ugonjwa wa Marfan, ule wa kurithi unaolegeza kuta za aota, na aota kwenye mzizi, pale inapotoka moyoni, ni sentimita 4.8. Daktari mmoja anataka kuweka valvu ya chuma, mwingine kuiacha ya kwangu. Nataka kuzaa. (Msomaji, Arusha)

Marahaba mwanangu. Kwanza, usibebe mimba kabla ya kutengenezwa. Kwa Marfan, ikizidi 4.5 tunashauri upasuaji utangulie. Pili, valvu ya chuma inadumu, lakini inakufunga na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kuibakiza valvu yako, kwa njia ya mpasuaji wa moyo Tirone David wa Toronto, Kanada, ni kazi ndefu na ngumu zaidi, lakini kwako urefu huo una faida. Masharti mawili: valvu iwe haijaharibika, na mpasuaji awe anaifanya mara kwa mara. Mwulize amefanya ngapi. Hiyo si dharau.

Na yule mdogo wako mrefu uliyemtaja kwenye barua yako, mwenye vidole virefu kama vyako, huenda naye ameurithi; mpeleke akapigwe eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mwezi huu huu.