Re: Nirudishe gari benki yaishe?

Habari ndugu, pole sana. Kama nimekuelewa, uko Texas, unadaiwa dola 24,000 kwa gari ambalo sokoni halifiki hata 17,000, umechelewa mwezi mmoja na unataka uwarudishie funguo yaishe. Haiishi ndugu yangu. Hata ukilirudisha mwenyewe watalipiga mnada, tena bei ya kutupa, halafu ile tofauti pamoja na gharama zao wanakudai wewe, na doa linakaa kwenye ripoti yako ya mkopo miaka 7.

Kwanza toa mkataba uangalie dila (aliyekuuzia gari) alikuuzia nini juu ya gari. Mimi nilikuta waranti ya nyongeza na bima ya GAP zote zimeingizwa kwenye mkopo zinakula riba, waranti nikaikansel kwa barua na hela iliyorudi ikapunguza deni (rejesho la mwezi halishuki lakini). GAP sikuikansel, maana gari likiharibika kabisa kwenye ajali ndiyo inaziba pengo kati ya deni na thamani ya gari.

Halafu wapigie benki leo, usingoje wakutafute, omba wasogeze malipo mwisho wa mkopo. Riba itaendelea kuhesabika ila gari unabaki nalo. Hapo Texas wanaweza kulibeba usiku bila kupita mahakamani, so nyaraka zako usiziache ndani.

Na dila akikwambia chukua jipya deni la zamani atalimaliza yeye, kataa kabisa, analihamishia tu kwenye mkopo mpya.

Riba yako ni asilimia ngapi? Weka hapa tuone kama inafaa kuhamia kwa hizi sacco za huku (credit union).