Mkuu, weka chini hiyo supa gluu: paa la behewa linafungwa mwisho

Mkuu, simama kwanza. Kama hujafungua hata tyubu moja kati ya hizo tatu, usifungue. Umesema ndugu yako amekuletea kutoka Uingereza seti ya mabehewa manne ya abiria ya treni ya mfano, ya plastiki, kipimo cha 1:76 (ndogo mara 76 kuliko treni halisi), uko Makambako, na Jumamosi unaanza kuyaunganisha: madirisha kwanza, kisha paa, vyote kwa supa gluu, ili mwanao aone umbo la treni mapema. Bogi, vile vigari vya magurudumu vya chini, utamalizia Jumapili. Halafu ukauliza rangi, umeme na kichwa cha treni. Hayo matatu yatasubiri. Mpangilio huo ndio nilioufuata mimi, hatua kwa hatua, na leo mabehewa mawili kati ya manne yangu ni vipande ndani ya boksi la viatu.

Nieleze kilichotokea, uone ninachokuzuia.

Mzee wangu alifanya kazi reli hapa Mbeya miaka mingi. Tukiwa wadogo alikuwa akitusimulia treni ya abiria inavyopanda kutoka Mlimba kuja huko kwenu Makambako, mahandaki na madaraja mfululizo, na namna abiria waliotoka Dar na mashati mepesi wanavyoanza kufunga madirisha mmoja mmoja kadiri baridi inavyoingia. Akifika Uyole kwenye simulizi yake lazima asimame, kwa sababu reli nzima ya TAZARA ya kilomita 1,860, kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, inafika juu kabisa hapo, zaidi ya mita 1,780 kutoka usawa wa bahari. Basi nilipopata zile seti niliamua madirisha ndiyo yawe roho ya kazi. Nilipaka rangi viti vya ndani kimoja kimoja kwa brashi nyembamba. Niliweka abiria wadogo, mmoja amesimama dirishani. Wiki tatu za jioni, baada ya kazi, taa ya mezani na chai ya tangawizi.

Siku ya kufunga nikaenda dukani kutafuta gundi. Muuzaji akanipa supa gluu, nikamuuliza mara mbili kama inafaa plastiki laini na vioo vya plastiki. Akanijibu kwa kujiamini: "Hii inashika chuma, itashindwa na kaplastiki?" Nikampa hela yake. Usiku ule nikagandisha madirisha ya behewa la kwanza na la pili, nikazungushia gundi ukingo wote wa juu, nikaweka paa, nikafunga rababendi ili likae sawa. Nikalala nimefurahi kweli.

Asubuhi madirisha yote yalikuwa meupe. Yalikuwa na utando kama ukungu wa Juni, na kwenye ukuta wa nje, karibu na paa, rangi ya kijani niliyoipaka kwa siku nne ilikuwa na madoa meupe kama chumvi. Nikafuta kwa kitambaa, utando haukutoka, kwa sababu ulikuwa upande wa ndani. Mzee alipokuja kuangalia, akaliinua behewa, akalisogeza karibu na macho, akafuta dirisha kwa mkono wa sweta lake, akafuta tena. Akasema, "Huko ndani kuna baridi." Akaliweka mezani taratibu. Sijasahau.

Sababu yake ni hii, na yule muuzaji angeijua asingeniuzia, au angeniuzia akaniambia. Supa gluu haikauki kama gundi ya maji. Inaganda kwa kukutana na unyevunyevu ulio hewani na juu ya kitu chenyewe. Kabla haijaganda yote, sehemu yake hupanda kama mvuke, na mvuke huo hutua jirani na kuganda hukohuko ukawa unga mweupe. Ukifanyia kazi sehemu ya wazi yenye hewa, na gundi ikiwa tone dogo tu, madhara hupungua. Ndani ya behewa ulilolifunga paa, mvuke hauna pa kutokea, unatua kwenye vioo. Maana yake kadiri unavyoziba vizuri ndivyo unavyoharibu zaidi. Ukungu huo ukiwa kwenye plastiki angavu mara nyingi unasuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini, lakini sharti uufikie. Mimi nilikuwa nimeshajifungia nje.

Na hapo bado sijafika kwenye bogi.

Ninaposema bogi simaanishi behewa kama tunavyosema mtaani. Namaanisha kile kigari cha magurudumu manne kilicho chini ya behewa, kimoja kila upande. Kwenye seti nyingi kinashikwa na skrubu inayopita kwenye sakafu, na nati inakaa ndani ya behewa. Mimi ile nati nilikuwa nimeishikiza kwa tone la supa gluu kabla ya kufunga paa. Nikaweka behewa kwenye njia, likaenda vizuri palipo nyoofu, likafika kwenye kona likatoka relini. Nikarudisha, likatoka tena palepale. Bogi ilikuwa imekazwa mno, haigeuki kufuata reli. Nikachukua bisibisi niilegeze robo mzunguko, nikasikia "tik" ndani. Supa gluu inashika sana ukiivuta, lakini ukiipiga au ukiisokota inavunjika kama biskuti. Nati ikang'oka, ikawa inazunguka pamoja na skrubu. Sikuweza kukaza wala kulegeza. Nati yenyewe naisikia inagonga, siioni kwa sababu ya vioo vyeupe, na paa nimeligandisha kana kwamba naziba tanki la maji.

Nikachukua kisu. Paa lilitoka, ndiyo, pamoja na ukingo wa ukuta mmoja na nguzo tano za madirisha. Behewa la pili nililiweka kwenye friji usiku kucha, maana nilisikia baridi inadhoofisha ile gundi. Upande mmoja uliachia, wa pili ukapasuka kuanzia mlangoni hadi katikati. Mabehewa mawili, pamoja na usafiri wake, karibu shilingi 250,000. Viti na abiria sivihesabu, maana vile ni jioni zangu.

Yule muuzaji hasira yangu kwake ilipoa, anauza vitu 500 na hawezi kuvijua vyote. Ninayemkasirikia hadi leo ni yule jamaa wa video niliyemfuata. Anaonyesha anavyobandika madirisha, anabandika paa, anatabasamu, picha inakatika, na sekunde inayofuata treni inazunguka meza vizuri kabisa. Hakuonyesha alivyofika pale. Hakuna behewa linalotoka kwenye boksi na kukimbia bila kurekebishwa, mkuu, la kwake pia lilirekebishwa, na alilirekebisha akiwa na njia ya kuingia ndani. Hicho ndicho alichokificha, na ndicho mtu anayeanza anakihitaji kuliko yote.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote hata ukiyasahau: behewa likimbie kwanza likiwa halina paa, na hata likishakimbia, paa usiligandishe. Kila kosa utakalofanya kwenye behewa lenye paa linalofunguka linarekebishika.

Anza na sakafu na bogi, siyo madirisha. Chonga kwa wembe vile vijisehemu vilivyobaki baada ya kukata vipande kwenye fremu, piga msasa mwembamba, chomeka magurudumu. Ekseli zina ncha kali pande zote mbili na zinakaa kwenye vishimo vya bogi. Zikibanwa haziendi, zikilegea zinayumba. Chukua ubao wa mita 1 ulionyooka, uwekee reli, uinue upande mmoja sentimita 2 tu. Behewa lililo sawa linaanza kuteremka lenyewe bila kusukumwa. La kwangu la kwanza lilikaa pale kama mbuzi aliyegoma, nikalifungia paa hivyohivyo kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuona umbo. Hiyo haraka ndiyo ninayoiona kwenye maneno yako, ndiyo maana naandika yote haya.

Halafu pima nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, kwa ndani. Kwa seti ya 1:76 inayotembea kwenye njia ya milimita 16.5 (upana kati ya reli mbili), inatakiwa milimita 14.5. Ikiwa pungufu au zaidi, behewa litapita palipo nyoofu na kuruka kwenye pointi, pale njia moja inapogawanyika mbili. Azima kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, kwa fundi yeyote wa mashine.

Bogi zenyewe usizikaze sawa. Moja iachie igeuke na pia iyumbe kidogo kila upande. Nyingine igeuke na kuinama mbele na nyuma, lakini isiyumbe kulia na kushoto. Kwa namna hiyo behewa linakaa kama kigoda cha miguu mitatu, hata reli ikiwa na bonde kidogo magurudumu yote yanagusa. Hili hakuna aliyeniambia, nililiona mwenyewe kwenye behewa la tatu nilipokuwa nazungusha ile skrubu robo kwa robo, naweka njiani, natoa, nazungusha tena. Lilichukua jioni mbili. Ningefanyaje hayo paa likiwa limegandishwa?

Na kuna uzito. Mabehewa ya plastiki ni mepesi mno, yanavutwa na kuangukia ndani ya kona. Kipimo ambacho wajenzi wa Marekani wanakitumia kwa njia hii ya milimita 16.5 ni gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Behewa la milimita 240 linakuja karibu gramu 160. Langu nilimpa rafiki yangu wa Chunya alipime kwenye mizani ya dhahabu, likasoma gramu 71. Nikaongeza nati na washa za pikipiki, nikazipanga sakafuni katikati ya bogi mbili, chini ya viti, usawa pande zote. Pia hapo unaona: uzito unaingia ndani, unaongezwa na kupunguzwa baada ya majaribio.

Likishapita kona zako zote na pointi zote, mbele na kinyumenyume, likisukumwa na likivutwa, hapo ndipo upake rangi kuta, na baada ya rangi kukauka kabisa ndipo madirisha. Madirisha bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala, kidogo tu kwa kijiti cha meno kwenye pembe. Ikikauka inakuwa angavu, haitoi mvuke wa kuharibu kioo, na ukikosea unailowesha kwa maji ya uvuguvugu inaachia. Kuta na sakafu zenyewe zinataka gundi maalumu ya plastiki, ile inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Mwulize ndugu yako namna ya kuifikisha, maana ni kimiminika kinachoshika moto, asije akaitupia tu kwenye begi la ndege.

Paa sasa. Usitupe zile fremu zilizoshikilia vipande. Kata vijiti vyake, vigandishe chini ya paa, milimita 1 ndani ya ukingo, vitatu kila upande. Vitabana kuta kwa ndani, paa litakaa bila gundi hata tone. Ukiona linainuka katikati, tone moja la gundi nyeupe kila mwisho linatosha, na kucha itaweza kulifungua. Mabehewa yangu mawili yaliyobaki yapo hivyo kwa zaidi ya mwaka. Nimeshayafungua mara sita au saba, mara ya mwisho abiria mmoja alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti, na mzee ndiye aliyemrudisha kwa kibano, mikono yake ikitetemeka, hataki nimsaidie.

Umeme: usiunganishe betri ya bodaboda moja kwa moja kwenye reli kama ulivyoandika. Ni kweli vichwa hivi vinatumia volti 12 za betri, lakini gurudumu likiruka na kugusa reli zote mbili, betri itamwaga umeme wote hapo na kuchoma waya. Weka fyuzi ndogo na kidhibiti mwendo katikati.

Ulisema pia unataka ifanane kabisa na ya TAZARA. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na kwenye njia yako ya milimita 16.5 upana huo unakaa vizuri kwa kipimo cha 1:64, ndivyo wanavyofanya baadhi ya wajenzi wa Afrika Kusini wenye reli ya upana huohuo. Kwa 1:87 njia hiyohiyo inakuwa milimita 1,435, yaani SGR. Hiyo 1:76 yako inaangukia katikati. Mwanao hatapima, ijenge tu.

Jumamosi basi, sakafu na bogi peke yake. Mwache mwanao aisukume kwenye ubao hivyohivyo, bila kuta, ataona magurudumu yanavyozunguka, na kwa umri wake nadhani hicho atakipenda kuliko paa. Ikishuka yenyewe ule mteremko wa sentimita 2, weka picha hapa nikuelekeze skrubu ya upande gani uilegeze. Supa gluu mbili mpe fundi viatu. Ya tatu irudishe dukani kama watakubali.