while na do-while kwenye PHP

Umeuliza kama while na do-while, lupu (amri za kurudia msimbo) za lugha ya programu ya PHP, ni kitu kimoja. Hapana kaka, si kitu kimoja. while inapima sharti kwanza, likiwa si kweli tangu mwanzo, msimbo wa ndani hauguswi kabisa. do-while inatekeleza mara moja, ndipo inapima. Mimi nilishikwa nayo nikimtengenezea muuza dagaa wa hapa Kibirizi, Kigoma, ukurasa wa bei: siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, orodha tupu, lakini do-while bado ikachapa mstari mmoja usio na kitu! Nikabadilisha kuwa while, ukapotea. Ila usisahau $i++ (inayoongeza kihesabio $i kwa moja kila mzunguko) mle ndani, la sivyo lupu itazunguka mpaka PHP yenyewe iikate, kwa mipangilio ya kawaida ya seva ni sekunde 30.